Shokapu ya Nyuma na Mtu wa Kilo Hamsini

Haya ni maneno niliyozungumza Muscat jioni moja, msimu wa mchanga ukikaribia kuanza, mbele ya mafundi na waendeshaji wa kwadi, zile pikipiki za matairi manne, wengi wao Waswahili wenzangu. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka. Nimepunguza vicheko, na sehemu moja niliyomsema mtu aliyekuwa ameketi mstari wa mbele.

Assalaam alaykum. Shikamooni wazee wangu. Vijana mliosimama kule kivulini, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie shokapu ya nyuma ya kwadi ya mashindano. Mada hiyo tukiifungua yote tutakesha, na mimi kesho nina gari la mtu limelala gereji tangu Jumapili. Kwa hiyo nitamzungumzia mtu mmoja tu, yule mwepesi. Yule ambaye akipanda, kwadi haina habari kama kuna mtu juu yake.

Namzungumzia huyo kwa sababu sisi mafundi tunamwonea. Akija jamaa wa kilo tisini akasema nyuma inagonga chini, tunamsikiliza, maana tunaona kwa macho. Akija mwembamba akasema "inanirusha", tunamwambia akajifunze kukaa. Ndivyo nilivyomwambia mpwa wangu.

Yupo hapa, kule nyuma, anajifanya anaangalia simu. Nimemwomba ruhusa kabla ya kumtaja. Ni binti wa kilo 49. Akivaa buti, kofia ngumu, kinga ya kifua na mfuko wa maji mgongoni, anafika 56. Mashine yake ni Yamaha YFZ450R, ile yenye chesisi ya alumini iliyoingia sokoni 2009. Alininunulia chai akaniambia, "Mjomba, kwenye matuta nyuma inanirusha." Nikamwambia akaze magoti. Akarudi wiki ya pili na neno lile lile. Basi nikafanya wanavyofanya mafundi wengi: nikainama chini ya shokapu na bisibisi, nikafunga skrubu ya kurudi tiki sita, ule mlio mdogo unaousikia kila skrubu ikisogea hatua moja, ili nyuma isirudi kwa haraka. Hata futi kamba sikuigusa.

Tulikuwa upande wa Bidiya, jangwani huku huku Oman, mahali ambapo magari yameuchimba mchanga ukawa matuta matuta kama bati. Mzunguko wa kwanza, polepole, alinionyesha dole gumba. Wa pili akafungua mafuta. Matuta matatu ya mwanzo kwadi ilipita kama inateleza juu ya busati. La nne nikaona mkia umekaa chini kidogo. La tano zaidi. La saba likampiga teke, akapita juu ya usukani.

Mtulinga ulivunjika. Mama yake, ambaye ni dada yangu, hakuniongelesha mpaka Idi.

Kilichotokea ni hiki. Springi ndiyo inayoinyanyua nyuma baada ya kubonyea, na oili ndani ya shokapu ndiyo inayoizuia isinyanyuke kwa fujo. Mimi nilikuwa nimeibana oili mno. Tuta la kwanza likaibonyeza, na kabla haijarudi yote la pili likawa limeshafika, likaikuta ipo chini, likaishusha zaidi. Kila tuta lilikuwa linamkopesha, la saba likadai. Na kwadi hii ina viungo kati ya mkono wa nyuma, kile chuma kinachoshika ekseli, na shokapu, vilivyopangwa hivi kwamba kadiri unavyokwenda chini ndivyo ugumu unavyoongezeka. Kwa hiyo binti alifika tuta la saba akiwa amekalia kitu kigumu kama jiwe, safari yote, yaani nafasi ya nyuma kushuka, imekwisha, na mimi nimesimama pembeni nashangaa kwa nini shokapu niliyoituliza imegeuka punda.

Ukimsikia mwendeshaji anasema matuta ya mwanzo ni mazuri na ya mwisho ni mabaya, usiongeze kufunga. Fungua.

Lakini skrubu ile lilikuwa kosa la pili. La kwanza lilikuwa limekaa pale tangu siku aliyoinunua, na hilo ndilo lililonileta hapa.

Kabla sijalitaja, tuitazame nyuma ya kwadi, maana wengi wetu tulianzia kwenye pikipiki na tunaishika kwa mazoea ya pikipiki. Ekseli ni moja, imeunganisha matairi mawili, na hakuna difu ya kuyaacha yazunguke kwa kasi tofauti. Mkono wa nyuma ni mmoja, shokapu ni moja. Mkono ule unapanda na kushuka tu, hauwezi kupinda kulia wala kushoto kuliko chesisi. Maana yake tairi la kushoto likipanda jiwe peke yake, kwadi nzima inainama pamoja na mtu aliye juu. Shokapu haina la kufanya hapo hata ungeinunua kwa bei ya nyumba. Kinachobaki ni mpira wa tairi wenyewe. Ndiyo maana mtu akinijia na malalamiko ya nyuma, cha kwanza nampima upepo. Tairi hizi zinakula upepo mdogo sana, psi 4 au 5 hivi kwa kipimo cha geji, na geji za kituo cha mafuta zimetengenezwa kwa magari, huko chini zinabahatisha tu. Nunua geji ya upepo mdogo. Pima asubuhi tairi likiwa baridi, kwa sababu jua letu hili litakuongezea upepo ambao hukuutia. Mtu mwepesi kwenye tairi la psi 8 anarushwa kama mpira, na fundi anahangaika na shokapu isiyo na hatia.

Jambo jingine la kuangalia ni mtu mwenyewe. Kwadi ile ikiwa na mafuta na oili ina kilo 184. Akipanda mtu wa kilo 80, jumla ni 264, na yeye ni asilimia 30 ya mzigo wote. Mpwa wangu akipanda, jumla ni 240, na yeye ni asilimia 23. Mwendeshaji wa kwadi anaiongoza kwa mwili wake, anajirudisha nyuma, anajitupa pembeni. Mwenye asilimia 30 akijitupa, mashine inasikia. Mwenye 23 inabidi afanye kazi zaidi kwa jibu dogo. Kwa hiyo makosa ya fundi yanamwumiza mwepesi mara mbili, kwa sababu hana uzito wa kuyafunika.

Sasa futi kamba.

Binti alipopona, niliinyanyua kwadi juu ya kreti mbili za soda, matairi ya nyuma yakaning'inia. Nikatia alama ya kalamu kwenye madigadi, juu sawia na kitovu cha ekseli, nikapima toka kitovu hadi alama: milimita 610. Hapo nyuma imenyooka yote. Nikaishusha, nikakisukuma kiti mara tatu nne ili bushi na sili ziache ubishi wake, nikaiacha itulie bila mtu: 580. Imeshuka 30 kwa uzito wake yenyewe. Huo mimi nauita mshuko mtupu. Kisha binti akapanda amevaa kila kitu, amesimama kwenye vikanyagio, magoti yamekunjika kama anavyokuwa njiani. 538. Toka 610 ni 72. Huo ni mshuko wa mtu.

Nyuma ya mashine hii ina safari ya milimita kama 279. Wengi wanaanzia kwenye theluthi: mtu akishapanda, theluthi ya safari iwe imetumika, ili tairi likikuta shimo liwe na pa kushukia. Theluthi ya 279 ni 93, mimi nalenga 90. Binti alikuwa na 72, yaani mkia juu, pua chini. Akigusa breki nyuma inakuwa nyepesi zaidi, na tairi likidumbukia shimoni halina milimita za kutosha kulifuata. Hiyo ndiyo "inanirusha" aliyonieleza mara mbili.

Nikamwita kijana wa gereji, kilo 80 na mavazi yake. Akapanda: 520. Milimita 90 kamili! Pale nikajua kiwandani walimfikiria nani.

Hapa fundi mwenye haraka anachukua spana ya ndoana, analegeza ile nati ya duara juu ya springi mpaka mwepesi naye apate 90. Nami nililegeza, nikaipata 90 yangu, nikafurahi. Halafu nikapima tena mshuko mtupu. Si 30 tena, ni 48. Kwadi peke yake, bila mtu, imekaa chini kama imechoka.

Naomba mnifuate kwenye hesabu hii, ni ya darasa la tatu. 72 toa 30 ni 42. Baada ya kulegeza, 90 toa 48 ni 42. Nati niliizungusha mpaka mikono ikaniuma, na ile tofauti haikuhama hata milimita moja. Kwa kijana wa kilo 80, 90 toa 30 ni 60. Tofauti kati ya mishuko miwili inatoka kwa uzito wa mtu na ugumu wa springi, basi. Nati haina neno hapo. Kukaza kunahamisha springi inapoanzia, hakubadilishi ugumu wake. Miaka mingi nimekuwa nikimwambia mteja, "nimeikaza, sasa ngumu." Nilikuwa namdanganya bila kujua. Haikuwa ngumu. Ilikuwa imepanda.

Na kuna mtego unaopindua akili kabisa. Kwadi ikikaa chini sana bila mtu, jicho linakuambia springi ni laini. Kama umeshauweka sawa mshuko wa mtu, ni kinyume chake: springi ni ngumu mno kwa mtu huyo, ndiyo maana ulilazimika kuilegeza hadi ikashindwa kuibeba hata kwadi yenyewe. Na ile isiyoshuka kabisa bila mtu ndiyo yenye springi laini, imekazwa kupita kiasi ili imbebe mnene. Mzee mmoja hapa amenikunjia uso. Mzee wangu, nami nilikunja hivyo hivyo. Chukua karatasi uchore, utaniona sikukosea.

Ishara nyepesi zaidi ni hii: nyanyua nyuma, shika springi kwa mkono, jaribu kuizungusha. Ikizunguka kwa urahisi au ikagonga gonga, umeshalegeza kupita kikomo. Rudisha nati, ukatafute springi nyingine.

Springi gani? Hapa nusura nifanye kosa la tatu. Nilipiga hesabu ya haraka: 56 ni asilimia 70 ya 80, basi niagize springi laini kwa asilimia 30. Nilikuwa nimeshashika simu. Kisha nikajiuliza, kwadi imepungua uzito? Haikupungua. Ile 184 iko pale pale. Toka 264 hadi 240 ni pungufu ya asilimia 9 tu, na shokapu inapopokea kishindo cha kutua inapokea jumla yote, haiulizi kilo ni za nani. Springi laini kwa asilimia 30 ingemstarehesha binti akiwa amesimama, halafu ikamgongesha chini kwenye kila mruko.

Niliagiza laini kwa asilimia 10. Angalieni namba iliyopigwa chapa kwenye springi yenu kabla ya kuagiza, na muangalie ni ya kipimo gani, kwa sababu wapo wanaoandika kilo kwa milimita, wengine nyutoni kwa milimita, na Wamarekani wana ratili zao kwa inchi. Kilo 1 kwa milimita ni karibu nyutoni 9.8, na ni karibu ratili 56 kwa inchi. Nimeshaona springi imesafiri kutoka ng'ambo na kurudishwa kwa sababu mtu alisoma namba bila kusoma kipimo.

Ilipofika nikafunga, nikapima. Mshuko wa mtu 90, mshuko mtupu 43. Tofauti 47. Haikufika 60 kama ya kijana, na kwa uzito ule wa mashine haikupaswa kufika. Hapo ndipo nilipoiacha.

Baada ya springi ndipo nikashika skrubu, na sasa kila moja ilikuwa na sababu. Ya kurudi kwanza. Springi laini inasukuma kwa nguvu ndogo, kwa hiyo haihitaji kuzuiwa kama ile ngumu. Niliirudisha alipoiweka mwenye kiwanda, kisha nikafungua tiki mbili zaidi. Tiki tunazihesabu hivi: unafunga taratibu mpaka mwisho, usilazimishe, kisha unahesabu ukifungua. Andika kwenye daftari kabla hujagusa kitu. Kitu kimoja kwa mara moja, tiki mbili, mzunguko mmoja wa njia, unauliza. Ukigeuza vitatu kwa pamoja na kwadi ikawa nzuri, hujajua ni kipi kilichokusaidia.

Kwenye chupa ya pembeni ya shokapu ipo sehemu ya kubonyea, inayozuia nyuma isishuke kwa haraka, nayo imegawanyika: ya kasi ndogo, inageuzwa kwa bisibisi, na ya kasi kubwa, nati inayoizunguka. Kijana mmoja aliniambia, "Fundi, mimi sikimbizi sana, niwekee ya kasi ndogo." Hapana, mwanangu. Kasi hiyo ni ya nondo ya shokapu. Unaweza kuwa unatembea pole, ukakanyaga jiwe lenye kona, nondo ikapanda kwa kasi kubwa. Na unaweza kuwa unakimbia kwenye mchanga laini, nyuma ikainama taratibu unapofungua mafuta, hiyo ni kasi ndogo. Kwa mpwa wangu nilifungua ile ya kasi kubwa robo mzunguko, nikapeleka kujaribu, kisha robo nyingine. Ya kasi ndogo sikuigusa, kwa sababu kwadi ilikuwa haiinami vibaya akiondoka, na kitu kisicholalamikiwa mimi nakiacha.

Kuna wakati skrubu zinakwisha. Umefungua hadi mwisho na mwepesi bado anapigwa. Hapo tatizo limo ndani, kwenye zile sahani nyembamba za chuma zinazopinda ili oili ipite, zimepangwa kwa mtu mzito. Zinaweza kupangwa upya, na kwa kilo hizi hiyo kazi inalipa. Ila asifungue asiyejua. Mle ndani kuna naitrojeni iliyoshindiliwa, na shokapu iliyofunguliwa bila kutolewa gesi inaweza kumrushia mtu kifuniko usoni. Ukiwa hujawahi, mpelekee aliyewahi, ukae pembeni uangalie. Na kabla ya hayo yote, oili ilibadilishwa lini? Viungo vya mkono vilitiwa grisi lini? Mchanga wa Bidiya ukiingia kwenye beringi za viungo, vipimo vyote nilivyovitaja vinakuwa uongo, maana nyuma inakwama inapotaka, siyo inapotakiwa.

Neno fupi juu ya mchanga na ardhi ngumu, kwa sababu wapo hapa wanaokwenda kote kuwili. Kwenye mchanga mzito naongeza mshuko wa mtu kidogo, nyuma ikae chini ili pua iwe nyepesi isichimbe, na nafunga kidogo kubonyea. Kwenye ardhi ngumu narudi nilipokuwa. Mkishabadilisha mshuko, angalieni cheni. Cheni iliyokazwa sawa kwadi ikiwa juu ya kreti inaweza kukazika kama uzi wa gitaa mkono wa nyuma unapolala sawa na ardhi, na mwisho inakula beringi.

Niliulizwa mlangoni, kwa nini tunahangaika na kwadi wakati Dakar, yale mashindano makubwa ya jangwani, imeziondoa. Ni kweli. Kwadi zilipata daraja lao 2009 mbio zilipohamia Amerika Kusini, zikaja hapa jirani Saudia 2020, na Manuel Andújar wa Argentina ndiye aliyefunga dimba mwaka 2024. Mwaka uliofuata hazikuwemo. Lakini shokapu haina habari za Dakar, na Ijumaa asubuhi kule mchangani sijaona kwadi zimepungua.

Na kwa wazazi. Nimesema mwepesi, sikusema mtoto. Mashine ya 450 imeandikwa na Yamaha wenyewe kwamba ni ya miaka 16 kwenda juu, na mwenye uzoefu. Mzazi akiniletea mwana wa miaka 12 mwenye kilo 40 akataka nimlainishie springi ya 450, nitamnywesha kahawa na kumrudisha nyumbani na springi yake. Ameshanikasirikia mmoja. Sawa.

Nimesema sana na jua linazama. Mpwa wangu, weka simu chini, njoo na buti zako. Kreti zipo pale, kwadi ile nyekundu ni ya bwana huyu aliyenikunjia uso, na amekubali tumpime yeye kwanza, kisha wewe. Nani ana kalamu inayoandika juu ya plastiki?